Selimundu: kwa nini kinasaba chake hakijafutika?

Mtoto akigundulika ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, swali la kwanza nyumbani huwa: ugonjwa huu umetoka ukoo wa nani? Mara nyingi lawama humwangukia mama, na huko ni kumwonea. Mtoto huugua pale anapopata kinasaba cha selimundu, yaani chembe ya urithi inayoleta ugonjwa huo, kwa baba na kwa mama pia. Akikipata kwa mzazi mmoja huwa mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Hesabu hiyo ndiyo aliyoigundua mtawa Gregor Mendel kwa kuzalisha njegere mjini Brno, akaichapisha mwaka 1866.

Lakini hapo lipo fumbo. Kwa nadharia ya mageuko ya Charles Darwin, sifa inayowazuia viumbe kuishi na kuzaa hupungua kizazi baada ya kizazi. Watoto wenye selimundu wamekuwa wakifa wengi kabla ya kukua. Mbona kinasaba chenyewe kipo, tena kwa wingi?

Fumbo hilo lilifumbuliwa hapahapa kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kwenda kusoma Oxford, alirudi kupima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini humo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo wabebaji wanazidi 20 katika kila watu 100. Nyanda za juu hawakufika hata 1. Mtu aliyekulia Kenya alijua tofauti ya sehemu hizo: huko chini ndiko malaria ilikokuwa imetamalaki. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba kuwa mbebaji humkinga mtoto dhidi ya malaria; ndiyo maana wabebaji walipona, wakazaa na kukirithisha kinasaba hicho. Si kinga kamili, kwa hiyo chandarua kinabaki palepale.

Kwangu mimi, hili ndilo somo zito zaidi la nadharia ya mageuko, na ndilo tunalolifundisha kwa uchache. Tumezoea kusema "kinasaba kibovu", kana kwamba ubaya umo ndani yake. Kumbe mahali ndipo panapoamua. Wazao wa Waafrika waliopelekwa Marekani wanakibeba kinasaba hichohicho katika nchi isiyo na malaria tena, na huko kimebaki mzigo mtupu. Huku kwetu, ukoo unaonyoshewa kidole leo huenda ulifika hapa ulipo kwa sababu mtoto mmoja wa zamani, mbebaji, alipata homa akapona.