Mkopo wa Nyumba Utakayoiuza Baada ya Miaka Michache

Mtumishi aliyehamishiwa Mtwara hana uhakika kama miaka mitatu ijayo atakuwa bado anaishi eneo la Shangani mjini humo au atakuwa amepelekwa mkoa mwingine. Akija benki kuomba mkopo wa nyumba, huuliza kwanza riba ni asilimia ngapi. Kwa anayetarajia kuuza mapema, swali hilo peke yake halitoshi.

Tuchukue mkopo wa Sh milioni 60 wa miaka 20, riba asilimia 15 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio, yaani deni lililobaki. Rejesho ni kama Sh 790,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 36 utakuwa umelipa zaidi ya Sh milioni 28, na bado unadaiwa kama Sh milioni 58.2. Deni lenyewe limepungua kwa chini ya milioni mbili, kwa sababu miaka ya mwanzo salio ni kubwa na riba ndiyo inayomeza rejesho. Wengi hulijua hili siku wanapoomba benki barua ya salio la deni, mnunuzi keshapatikana. Mkopo huohuo ukiuchukua kwa miaka 10, rejesho linapanda hadi kama Sh 968,000, lakini mwezi wa 36 salio ni kama milioni 50.2. Mshahara ukiruhusu, chukua wa muda mfupi.

Kisha soma barua ya ofa mpaka mwisho. Benki moja ikikupa riba ya asilimia 14, ada ya mkopo asilimia 2 na tozo ya asilimia 3 ukimaliza deni kabla ya wakati, na nyingine ikakupa asilimia 15 bila ada wala tozo hiyo, ya pili ndiyo nafuu kwa anayeuza mwaka wa tatu. Riba ya chini itakuokolea chini ya milioni mbili. Ada na tozo zitakutoa karibu milioni tatu.

Wala usibashiri kuwa bei ya nyumba itapanda. Matumaini ya gesi yaliwavuta watu wengi kununua viwanja Mtwara na Lindi, na bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, lakini nyumba haiuziki kwa matumaini. Mnunuzi wa huku mara nyingi husubiri fedha za korosho, kwa hiyo aliyelazimika kuuza mwezi wa Mei, kabla ya msimu wa korosho, anaweza kuendelea kulipa marejesho miezi kadhaa nyumba ikiwa tupu. Weka akiba ya kipindi hicho.

Faida ya mauzo kwa kawaida hutozwa kodi, kwa hiyo tunza risiti zote za ununuzi na ukarabati. Hati iko benki kama dhamana, hivyo mnunuzi, wewe na benki mkubaliane kwa maandishi fedha zinapitia wapi na hati inaachiliwa lini. Na kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi wako inahitajika wakati wa kuiweka rehani na wakati wa kuiuza pia.