Kabla sijakufungia springi fupi, nipime kwanza shokapu zako

Haupiti mwezi bila mtu kuingia gereji kwangu na boksi la springi fupi mkononi. Mara nyingi ni mwenye Subaru Impreza, zile za 2000 hadi 2007, ameshachoka kuona uwazi ulio kati ya tairi na madigadi. "Fundi, nifungie hizi leo, shokapu nitanunua mwezi ujao." Namwelewa kabisa. Springi nne ni nafuu kuliko shokapu nne, tena gari likishuka mtaa mzima unaona. Shokapu mpya hakuna jirani anayeziona.

Mimi humwambia: kama hela inatosha kitu kimoja, mdogo wangu, anza na shokapu.

Springi hubeba gari. Tuta likiiminya, inaweka nguvu, na ikiachiwa inataka kuirudisha yote kwa mpigo. Anayeizuia ni shokapu: mafuta yaliyomo hulazimishwa kupita kwenye vali zenye matundu madogo, na ile nguvu inaishia kuwa joto. Sasa springi fupi ina nafasi ndogo ya kufanya kazi ileile, kwa hiyo hutengenezwa ngumu zaidi. Tuseme imezidi ya kiwandani kwa asilimia 30. Gari la uzito uleule litadunda haraka zaidi kwa kama asilimia 14, na shokapu ileile itakuwa imepoteza karibu asilimia 12 ya uwezo wake wa kulituliza. Kwenye shokapu nzima utavumilia. Lakini gari la miaka 20, lililoshushwa bandarini na shokapu zilezile lilizotoka nazo Japani, halina hata tone la ziada la kupoteza. Likivuka tuta, pua inapanda na kushuka mara mbili tatu. Kwenye rasta tairi linarukaruka badala ya kushika lami. Mwenye gari anasema "springi ni ngumu", kumbe hazina mtu wa kuzishika.

Hilo bado si kubwa. Kubwa ni nafasi ya shokapu kuzama. Chini ya mauntingi, yaani kile kishikio cha juu kinachofunga shokapu kwenye bodi, kwenye ile fimbo inayong'aa ya shokapu, kuna raba tunayoiita stopa. Kazi yake ni kupokea pigo la mwisho, siku gari limeingia shimo baya. Ukishusha gari 35 mm, umeila nafasi hiyo 35 mm kabla hata hujawasha injini. Shokapu yenyewe haijafupishwa, imezamishwa tu. Kama ilikuwa na 50 mm hadi kwenye stopa, sasa ina 15, na barabara ya mtaani itazimaliza kila siku. Gari likigonga stopa, springi uliyoinunua haifanyi kazi peke yake tena. Kuanzia hapo unaendesha juu ya raba. Likigonga katikati ya kona ni hatari, maana ugumu unapanda ghafla kwenye tairi moja na gari linatereza bila kukuonya.

Kwa hiyo sifungi kabla ya kupima. Gari likiwa chini kwa uzito wake, nainua kile kifuniko cha vumbi na kupima kutoka mdomo wa shokapu hadi kwenye stopa. Kisha nafunga kwenye fimbo ule ukanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya, nausogeza ukae juu ya mdomo wa shokapu, na kumwambia mwenye gari aendeshe kama kawaida yake. Kila shokapu inapozama, mdomo wake unausukuma ukanda juu, na hapo juu unabaki. Akirudi tunaona amefika wapi. Kwangu kipimo hiki kinashinda kulisukuma gari kwa mkono pembeni, ambako huonyesha tu shokapu iliyokwisha kabisa.

Kuna gharama nyingine ambayo watu hawaihesabu. Kwenye Impreza hizi springi imekaa juu ya shokapu, mbele na nyuma. Ukifunga springi leo na shokapu baada ya miezi mitatu, kazi yote inarudiwa: kushusha mguu (shokapu na springi yake), kuibana springi, kufungua mauntingi, na alaimenti, yaani kunyoosha uelekeo wa tairi. Ufundi unaulipia mara mbili. Toyota Vitz ina nafuu kwa nyuma, maana springi na shokapu zimekaa mbalimbali.

Anayesisitiza namfungia kwa masharti. Shokapu zisiwe zimevuja. Gari lisishuke zaidi ya 25 mm. Likizidi hapo kwenye gari la aina hii, mikono ya chini, vile vyuma vinavyounganisha gurudumu na gari, inaanza kupanda kuelekea tairi, na gari linaweza kulala zaidi kwenye kona ingawa liko chini. Bolti ya juu inayounganisha shokapu na hab ya mbele (kitovu cha gurudumu) ndiyo inayorekebisha mlalo wa tairi, hivyo ipigwe alama kabla ya kuifungua. Bolti zinazopita kwenye bushi (raba) za mikono zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, raba inabaki imejisokota na itachanika mapema. Alaimenti ni lazima, maana tairi likiangalia ndani au nje kidogo tu linalika haraka. Springi ibanwe kwa kibanio chake, kamwe si kwa waya na nondo, kwani ikifyatuka inaua. Na springi siikati kwa grinda ili kuifupisha, hata ukinilipa mara tatu.

Ukinunua shokapu, ulizia zilizotengenezwa kwa gari lililoshushwa. Watengenezaji wa shokapu Bilstein, kwa mfano, wana B6 ya kimo cha kiwandani na B8 iliyofupishwa kwa ajili ya springi fupi. Ukichukua B6 ukaiwekea springi ya kushusha sana, tatizo la nafasi umerudi nalo nyumbani.

Kijana wa mwisho aliyeniletea boksi alikubali tupime kwanza, springi zake za zamani zikiwa bado zimefungwa. Mbele kulikuwa na 48 mm. Alirudi baada ya siku tatu. Ukanda wa kushoto ulikuwa umepanda 41, wa kulia umebanwa kwenye stopa, na shokapu ya kulia ilikuwa imelowa mafuta chini ya kifuniko. Springi fupi zimekaa kwenye kabati langu, anasubiri mshahara anunue shokapu.