Je, wajua kwa nini matembezi ya maua Marekani hufanyika kabla miti haijafunga majani?

Tangu mwaka 1951, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, wapenzi wa mimea ya asili hukusanyika Gatlinburg, mji mdogo wa jimbo la Tennessee ulio mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains. Wanagawanywa katika vikundi, kila kikundi na mwongozaji wake, kisha wanaingia msituni. Dubu weusi wamo humo, lakini hawa hawakufuata dubu. Wamefuata maua ya mwituni, mengine mafupi kuliko kiganja cha mkono, na watapiga magoti njiani na kioo cha kukuzia ili kuhesabu petali.

Asiyejua atauliza: mbona wakati huo? Asubuhi bado kuna baridi ya kutetemesha, na huko juu mlimani miti mingi ingali mitupu. Si wangengoja Juni, jua likishakolea?

Tatizo ni kwamba mwezi Juni jua hilo halifiki chini. Msitu wa huko ni wa mialoni na miti mingine ya majani mapana, na miti hiyo hupukutisha majani yote kabla ya majira ya baridi. Miezi kadhaa inakaa kama fito. Majani yakirudi, yanafunga juu kabisa, na mwanga unaobaki kwa mmea wa chini ni sehemu ndogo tu ya ule uliokuwapo wiki chache nyuma. Sisi wa karibu na ikweta tumezoea kuhesabu misimu kwa mvua. Kwa vimea hivi, msimu huhesabiwa kwa kivuli. Udongo ukishapata joto kidogo, mlango umefunguliwa. Majani ya miti yakikutana juu, mlango umefungwa. Katikati hapo kuna wiki chache tu, na ndani ya wiki hizo mmea unatakiwa uchomoze, utandaze majani, utengeneze chakula, uchanue, upate wa kuuchavusha, uzae mbegu na uweke akiba ya mwaka mzima. Baadhi yake, ukipita Juni, hukuti hata jani. Viko chini ya ardhi, vimelala mpaka mwakani.

Mbio hizi ni ngumu sana kwa mmea unaoanza na mbegu kila mwaka. Karibu mimea yote ya kundi hili ni ya miaka mingi, na kazi kubwa ilishafanyika zamani: chipukizi la ua la mwaka huu liliandaliwa mwaka jana, likakaa udongoni kipindi chote cha baridi likisubiri. Kinachoonekana Aprili ni kujitokeza tu, na gharama yake hulipwa kwa wanga uliohifadhiwa kwenye kiazi au shina la ardhini.

Mwongozaji hodari atakusimamisha mbele ya Erythronium americanum, ua la manjano linaloinamisha kichwa, majani yake yana madoa ya hudhurungi. Atakwambia uache kwanza ua, uangalie majani. Utaona eneo zima limejaa mimea ya jani moja moja, na hapa na pale mmoja wenye majani mawili. Wa jani moja hachanui. Anaweka akiba, na anaweza kuendelea hivyo miaka kadhaa kabla ya kupata nguvu ya kutoa jani la pili na ua. Triliamu kubwa nyeupe, ambayo ndiyo kipenzi cha wapiga picha, huchukua miaka 7 hadi 10 kutoka mbegu hadi ua la kwanza. Tena majani yake ni matatu tu, yamekaa kwenye duara moja chini ya ua. Anayechuma ua na kikonyo chake ameondoka na majani yote, maana yake ameondoka na jiko zima la mmea huo kwa mwaka. Ndiyo maana kuchuma au kung'oa mmea ndani ya hifadhi ni kosa la kisheria, na kwa maoni yangu sheria hiyo haijazidisha ukali hata kidogo.

Mimi ningempa nishani Sanguinaria canadensis. Anatoka ardhini jani lake likiwa limelizunguka chipukizi la ua, kama mtoto aliyeviringishwa kwenye kanga asipigwe na baridi. Ua likishapanda juu, jani linafunguka taratibu. Petali ni nyeupe pee, hufunguka jua likitoka na kujifunga jioni, na baada ya siku chache zinadondoka. Ukikata shina lake la ardhini linatoa utomvu wa rangi ya damu, na jina lake la Kilatini limetokana na hapo. Ua hili halina mbochi wa kumpa mdudu. Lina chavua tu. Na kwa kuwa Aprili ni mwezi wa kigeugeu, leo jua kesho theluji, linaweza kufunguka siku ambazo hakuna nyuki anayethubutu kuruka. Limejiwekea njia ya pili: siku zikipita bila mgeni, viungo vyake vya kiume huinama na kugusa cha kike, likajichavusha lenyewe. Mbegu za namna hiyo si bora kama za kuchanganya damu, lakini mwaka haukupita bure.

Wadudu nao wana ratiba yao. Yupo nyuki mdogo anayeishi peke yake kwenye shimo la udongo, Andrena erigeniae, ambaye huwalisha watoto wake chavua ya Claytonia, ua dogo jeupe lenye mistari ya waridi. Ukimkuta kazini, miguu yake ya nyuma imebeba chavua ya rangi ya waridi. Ndugu yake, Andrena erythronii, ameelemea kwenye lile ua la manjano la majani yenye madoa. Maisha ya nyuki hawa nje ya shimo ni hizo hizo wiki chache za maua. Ua likikosekana, hawana pengine pa kwenda.

Halafu wapo sisimizi, na hapa ndipo watembeaji wengi huacha kupiga picha na kuanza kuuliza maswali. Mbegu za triliamu, Sanguinaria na wenzao kadhaa zina kinundu cha mafuta ubavuni. Sisimizi anavutwa na kinundu hicho, anaikokota mbegu hadi kwake, wanakula mafuta, kisha mbegu yenyewe inatupwa jalalani kwao. Jalala la sisimizi lina udongo laini wenye rutuba, na panya hawaioni mbegu kwa urahisi. Biashara nzuri kwa pande zote mbili, ila ina mipaka: sisimizi hasafiri mbali, mara nyingi ni mita chache tu. Kwa hiyo msitu ukikatwa na ardhi ikalimwa, miti inaweza kurudi yenyewe baada ya miaka kadhaa kwa mbegu za upepo na ndege, lakini maua ya chini yatarudi kwa mwendo wa sisimizi. Sehemu kubwa ya Great Smoky Mountains ilikuwa imekatwa magogo au kulimwa kabla ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1934, lakini kuna mabonde ambayo shoka halikuwahi kufika. Mtembeaji aliyefundishwa la kuangalia anaweza kukisia historia ya ardhi kwa kutazama chini badala ya kutazama miti.

Swali la haki: ikiwa kila kitu kinategemea hali ya hewa, waandaaji wanapangaje tarehe miezi mingi kabla? Wanaokolewa na mlima. Mwaka 1918 mtaalamu wa wadudu Andrew Hopkins aliweka kanuni ya kukadiria mwendo wa majira ya kuchipua Amerika Kaskazini: kila ukipanda takriban mita 120, matukio ya msimu huchelewa siku nne hivi. Ni makadirio, wala mlima haumtii mtu, lakini piga hesabu. Hifadhi hii inaanzia karibu mita 267 juu ya usawa wa bahari na kuishia kilele cha Kuwohi, mita 2,025. Tofauti hiyo ni karibu miezi miwili ya msimu ndani ya hifadhi moja. Mwaka ukiwahi, mwongozaji anapandisha wageni wake juu. Ukichelewa, anawashusha bondeni. Ongeza na utajiri wenyewe, zaidi ya aina 1,500 za mimea inayotoa maua, na utaelewa kwa nini Gatlinburg haikosi cha kuonyesha.

Siku hizi kuna wasiwasi mpya. Huko Concord, Massachusetts, mwandishi Henry David Thoreau alikuwa akiandika tarehe za kuchanua na kuchipua kwa mimea miaka ya 1850. Watafiti waliolinganisha daftari zake na hali ya sasa wamekuta kwamba miti inatoa majani mapema kwa takriban wiki mbili, ilhali maua ya chini yamewahi kwa wiki moja tu. Joto limeongezeka kwa wote, lakini miti imeitikia haraka zaidi. Kwa mmea unaoishi kwa wiki chache za mwanga, kunyang'anywa moja ni hasara kubwa. Kulungu nao wanaongeza shida: mahali walipozidi, triliamu hulishwa hadi ikadumaa, na wataalamu wengine hupima kimo chake ili kujua kulungu wamezidi kiasi gani.

Kwa msomaji wa Tanzania, jambo linalokaribiana na hili lipo Nyanda za Juu Kusini, katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji wameiita siku nyingi Bustani ya Mungu. Pale juu, kiasi cha mita 2,600, ni nyasi, hakuna mialoni ya kuwanyima maua mwanga. Anayeamua ni mvua. Zimeorodheshwa aina takriban 350 za mimea, zikiwemo okidi 45 za ardhini, na okidi hizo zina desturi ile ile ya kuweka akiba kwenye kiazi na kulala hadi msimu ufike. Kiazi hicho hicho ndicho kilichoziponza, maana huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Okidi iliyochimbwa kiazi haichanui tena mwakani.

Anayetaka kuyaona maua ya Kitulo aende kati ya Desemba na Aprili, achukue mwongozaji, na asiende na viatu vya mjini, kwani huo ni wakati wa mvua na ukungu. Njia ya kupandia kutoka Chimala ina kona 57, na tope likiwapo gari dogo litampa shida kabla hajaona hata ua moja.