Odi ni bei

Ukiingia kibanda cha kubeti Jumamosi mchana utakuta namba tatu mbele ya kila mechi. Tuchukue 2.10 kwa mwenyeji, 3.30 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Muulize kijana aliyeinamia simu namba hizo zina maana gani, atakujibu bila kuinua macho: kampuni imeona mwenyeji anashinda. Jibu hilo ndilo linalowanenepesha wenye kampuni.

Namba hizo huitwa odi, na odi ni bei. Muuza nyanya akikwambia fungu ni elfu moja, hajakwambia nyanya zake ni tamu kiasi gani. Amekwambia kiasi atakachokubali ili akuachie, na ndani ya elfu hiyo kuna gharama ya shamba, nauli ya Fuso na faida yake. Odi nayo huanza na makisio ya watu wanaojua mpira na hesabu, kisha huongezewa mambo mengine kabla haijafika kwenye simu yako.

Kuisoma si kazi. 2.10 maana yake kila shilingi unayoweka, ukishinda unarudishiwa 2.10, pamoja na ile shilingi yako. Waingereza, ambao maduka ya kubeti yalihalalishwa mitaani kwao mwaka 1961, wana mtindo wao wa zamani: 5/1, yaani tano kwa moja. Unaweka pauni moja, unapewa tano na yako juu yake. Kwa mtindo wetu hiyo ni 6.00.

Sasa chukua kikokotoo. Gawa 100 kwa kila odi, utapata nafasi iliyofichwa ndani ya bei. Mwenyeji anapata asilimia 47.6, sare 30.3, mgeni 29.4. Jumlisha: 107.3. Lakini mechi ina matokeo matatu tu, na moja lazima litokee, kwa hiyo nafasi zote kwa pamoja haziwezi kuzidi 100. Hizo 7.3 zimetoka wapi?

Dalali yeyote wa Kariakoo atakujibu: ni cha juu. Kampuni imekuuzia kila tokeo ghali kidogo kuliko thamani yake. Ukitaka kuhakikisha unapokea 100 hata itokee nini, itakubidi utoe 107.3. Kwa upande wa mchezaji, maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye mechi kama hiyo, takriban 93 ndizo zinazorudi kwa wabetiji wakichukuliwa wote kwa pamoja. Saba zimebaki dukani. Hapo kodi ya ushindi haijaguswa.

Saba katika mia si mbaya, utasema. Kuna biashara nyingi zenye cha juu kikubwa kuliko hicho. Ni kweli, lakini nani siku hizi anabeti mechi moja? Watu wanasuka mikeka, yaani wanaunganisha mechi kadhaa kwenye tiketi moja ambayo hailipi mpaka zote zitoke walivyochagua. Na mkeka una tabia moja ambayo haisemwi vijiweni: odi zinapozidishana, vya juu navyo vinazidishana. Mkeka wa mechi tano zenye cha juu kama hicho hurudisha wastani wa shilingi 70 kwa kila 100. Wa mechi kumi hurudisha 49. Yaani yule anayejisifu kwamba amepata odi ya 1,800 kwa mkeka wa timu kumi ameshaacha nusu ya hela yake mlangoni kabla refa hajapuliza filimbi. Kisha timu moja ikitoa sare dakika ya 93, anailaumu timu ile kwamba ndiyo iliyomchania mkeka. Mikeka mirefu inapigiwa debe kila kona, na tiketi ya aliyeshinda mamilioni hubandikwa ukutani. Kampuni haidanganyi, mshindi yupo kweli. Ukuta tu ndio mdogo, tiketi za waliobaki hazitoshi.

Bei za mbali kabisa nazo ni hadithi nyingine. Mwanzoni mwa msimu wa 2015/16, maduka ya Uingereza yaliuza Leicester City kuwa bingwa kwa 5000/1. Kocha wao Claudio Ranieri akachukua ubingwa kwa pointi 81, kumi mbele ya Arsenal, na mpaka leo watu wanasema odi ilitabiri kwamba jambo lile hutokea mara moja katika misimu elfu tano. Ligi ya Uingereza ilianza 1888. Haijamaliza hata misimu 140. Nani angeweza kupima jambo la mara moja katika elfu tano kwa ushahidi wa misimu hiyo? Namba ile haikupimwa, ilipambwa. Ilikuwa bei ya kumvutia shabiki wa Leicester aweke pauni tano za mapenzi, na safari ile muuzaji akaingia hasara kwa kutojua thamani ya bidhaa yake.

Bei pia hutembea. Majeruhi huisogeza, mvua huisogeza, siku hizi hata wahasibu. Novemba 2023 Everton walikatwa pointi 10 kwa sababu hasara yao, kwa hesabu za ligi, ilifika pauni milioni 124.5, wakati kikomo kwa miaka mitatu kilikuwa milioni 105. Ligi ilikuwa imesimama kupisha timu za taifa. Hakuna mpira uliopigwa, lakini bei ya Everton kushuka daraja ilibadilika siku hiyohiyo. Rufaa ikapunguza adhabu hadi pointi 6, baadaye wakakatwa 2 nyingine kwa kosa la kipindi kilichofuata, na bado wakamaliza nafasi ya 15. Aliyekuwa anafuatilia vitabu vya fedha vya klabu alikuwa na habari nzuri kuliko aliyekuwa anafuatilia mabeki wake.

Lakini kinachoisogeza zaidi ni hela inayoingia, na hela haina kura moja kwa kila mtu. Juni 2016, Waingereza walipopiga kura ya kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya, odi ziliipa Kubaki nafasi zaidi ya robo tatu, na wachambuzi wengi wakazinukuu kana kwamba ni kipimo cha maoni ya wananchi. Wanaobeti wengi waliweka vijisenti kwenye Kutoka. Wachache wenye mafungu mazito waliweka kwenye Kubaki. Bei ikafuata mafungu. Kutoka kukashinda kwa asilimia 51.9.

Siasa za Uingereza, kwa kweli, ni darasa zuri la kubeti kuliko mpira wake. Hii ni nchi ambayo mwaka 2022 gazeti la Daily Star liliweka saladi yenye wigi mbele ya kamera, ili ionekane kipi kitanyauka kwanza, saladi au uwaziri mkuu wa Liz Truss. Saladi ikabaki. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Mei 2024, waziri mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, alisimama nje ya ofisi yake, nyumba namba 10, mvua ikimlowesha, akatangaza uchaguzi wa Julai 4. Nchi ilishangaa. Msaidizi wake mmoja bungeni hakushangaa sana, maana siku tatu kabla alikuwa ameweka pauni 100 kwamba uchaguzi utakuwa Julai, kwa 5/1. Baada yake yakajitokeza majina mengine. Serikali iliyokuwa haina hakika na jambo lolote ilipata jambo moja la hakika, tarehe ya kuondoka kwake, na watu wake wakaenda kulinunua kabla halijapanda bei.

Kisa hicho kinaonyesha vizuri odi ni nini. 5/1 ilikuwa bei ya haki kwa mtu wa mtaani asiyejua kitu. Kwa anayejua tarehe, ni kama kuuziwa kiwanja cha Masaki kwa bei ya Mbagala. Ndiyo maana Sheria ya Kamari ya 2005 ya huko inahesabu udanganyifu katika kubeti kuwa kosa la jinai, na mamlaka ya kamari ikafungua uchunguzi. Chama cha Labour nacho hakikukosa vituko. Mgombea wake mmoja huko Suffolk alibainika kuweka dau kwamba Conservative, chama cha Sunak, ndio watakaoshinda jimbo analogombea yeye mwenyewe. Alisema ushindi angeutoa sadaka. Chama kikamsimamisha, na Conservative kweli wakalichukua jimbo. Katika mkasa mzima, yeye ndiye aliyesoma bei kwa kichwa baridi kuliko wote.

Na cha juu kinaenda wapi? Kingine tunakivaa. Julai 2017 Everton walitua Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga, na kifuani mwa jezi yake kulikuwa na SportPesa, kampuni iliyokuwa pia kifuani mwa Simba na Yanga. Shilingi saba saba za vibandani zilifika mpaka Liverpool. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa kampuni za kamari kifuani baada ya msimu wa 2025/26. Mkono wa jezi hawakuutaja.

Wapo waliopata klabu nzima. Tony Bloom wa Brighton na Matthew Benham wa Brentford walitajirika kwa kubeti, na wote wawili wamezifikisha timu zao Ligi Kuu. Watu wa namna hiyo hawaulizi nani atashinda. Wanapiga hesabu zao kwanza. Wakiona nafasi ya mwenyeji ni asilimia 50 na duka linamuuza kwa 2.10, wananunua, kwa sababu 50 ni zaidi ya 47.6. Wakiona ni 45, wanaacha, hata kama wanaamini mwenyeji ndiye atakayeshinda. Sisi wengine tunachagua timu kisha tunaangalia bei, kama mtu anayeingia dukani ameshamwambia muuzaji kwamba bila kiatu hiki haondoki.

Maduka yenyewe yanajua tofauti hiyo vizuri sana. Uingereza, mbetiji anayeonyesha kwamba anatambua bei iliyokosewa hupunguziwa dau: leo anaruhusiwa pauni 200, mwezi ujao 20, kisha anaandikiwa ujumbe wa heshima kwamba dau lake la juu ni pauni mbili. Anayesuka mikeka ya timu kumi hajawahi kupata ujumbe huo. Yeye hutumiwa dau la bure siku ya kuzaliwa kwake.