Lukemia iliyorudi: dawa mbili zikijaribiwa pamoja, lawama ni ya nani?

Lukemia kali ya maieloidi, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, ikirudi, seli unazopambana nazo ndizo zilizokwisha kuishinda dawa ya kwanza. Ndiyo maana tunaunganisha dawa zenye njia tofauti: venetoklaksi huziba protini ya BCL-2 inayoizuia seli kufa, huku azasitidini ikipunguza alama za kemikali zinazozima jeni zake.

Jaribio la awamu ya kwanza, la kutafuta dozi salama, mara nyingi huenda kwa watatu watatu. Wagonjwa watatu hupewa dozi ya chini na kufuatiliwa kwa mzunguko mmoja, kwa kawaida siku 28. Wote wakivuka salama, watatu wengine hupewa dozi ya juu zaidi. Mmoja akipata madhara makubwa, tunaongeza watatu kwenye dozi ileile. Wakiwa wawili, tunashuka.

Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini neutrofili, seli nyeupe zinazopambana na maambukizi, zikiwa chini mno siku ya 28, ni dawa au ni lukemia yenyewe? Damu ya mkononi isipojibu, chukua uboho. Ukijaa seli changa za saratani, ugonjwa ndio unaobana. Uboho ukiwa na seli hizo chini ya asilimia 5 na hesabu ya damu bado haijapanda hadi siku ya 42, protokali nyingi (kanuni za majaribio) huhesabu hayo kuwa madhara ya dawa.

Siku za mwanzo zina hatari yake. Seli zikifa kwa wingi humwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki, na figo huzidiwa. Kwanza seli nyeupe zishushwe chini ya 25 × 10⁹ kwa lita, mgonjwa apewe maji na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, kisha venetoklaksi ipandishwe kwa siku tatu: mg 100, 200, 400. Damu ipimwe saa 6 hadi 8 baada ya kila dozi mpya.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la dawa ya fangasi. Posakonazoli huzuia ini kuvunja venetoklaksi, kwa hiyo mg 400 zishuke hadi 70. Isiposhushwa, mchanganyiko mzima utalaumiwa bure. Andika tarehe ya kila dawa ya pembeni.

Na uboho wa kutafuta mabaki ya saratani utoke kwenye mvuto wa kwanza wa sindano, ule wenye vipunje vya uboho vinavyoonekana kwenye kioo. Mivuto ya baadaye huchanganyika na damu, na mgonjwa mwenye mabaki husomeka kuwa msafi.