Kama Mungu ni wa haki, mbona ghorofa lilianguka Ijumaa Kuu?

Asubuhi ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka likawa kifusi. Watu 36 walifariki. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa Kuu. Alasiri ile makanisa ya mjini yalijaa watu walioenda kukumbuka mateso ya Yesu, na huku waokoaji wakiendelea kufukua zege na nondo.

Msiba wa namna hiyo ukitokea, kuna neno ambalo kila aliyewahi kukaa chini ya turubai hapa mjini analijua: kazi ya Mungu haina makosa.

Je, wajua kuwa maneno hayo hayamo kwenye Biblia? Yanayoyakaribia yako Kumbukumbu la Torati 32:4, "Yeye Mwamba, kazi yake ni kamilifu." Lakini ule ni wimbo wa Musa wa kuwasuta Waisraeli kwa ukaidi wao. Haukuimbiwa wafiwa.

Siwacheki wanaoyasema. Nimeyasema mwenyewe mara nyingi tu. Zamu yako ya kumshika mfiwa mkono ikifika na huna neno, yanakuja yenyewe mdomoni. Ila mara moja niliyasikia yakijibiwa. Msiba ulikuwa Tabata, kijana kagongwa na lori lililokatika breki. Mzee wa kanisa alipomaliza kusema, jamaa mmoja wa bodaboda aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake pembeni ya turubai akauliza, wala si kwa ukali: "Sasa mzee wangu, kama haina makosa, zile breki nani hakuzikagua?" Watu wakageuka. Hakuna aliyemjibu. Akaletewa sahani ya wali.

Swali la yule jamaa lina umri mkubwa kuliko Ukristo wenyewe. Linahusishwa na Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo. Cha ajabu, aliyetuhifadhia ni Mkristo, Lactantius, aliyeliandika mwanzoni mwa karne ya 4 ili alipinge. Linakwenda hivi: Mungu anataka kuondoa uovu lakini hawezi? Basi hana nguvu. Anaweza lakini hataki? Basi hana wema. Anataka na anaweza? Basi haya mabaya yametoka wapi?

Si kila imani inabanwa sawasawa na swali hili. Anayeamini miungu wengi atasema wamegombana. Na hapa kwetu kuna njia nyingine ya mkato, ambayo hata waumini wa Jumapili huitumia ikifika usiku: "Kifo hiki kina mkono wa mtu." Ukishasema hivyo, Mungu ametoka kizimbani na jirani ameingia. Mkristo anayeshika imani yake barabara amejifungia milango hiyo yote. Mungu wake ni mmoja, ni mwenyezi, ni mwema, na kwenye msiba maiti ipo.

Aliyehangaika na jambo hili kuliko wengi ni Mwafrika, Agostino, yule ambaye chuo kikuu cha Mwanza kinaitwa kwa jina lake. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo. Ujanani alikaa miaka kama tisa na Wamani, watu waliofundisha kuwa ulimwengu una nguvu mbili zinazopigana, nuru na giza. Fundisho hilo linatuliza, maana ukiumia unajua umeumizwa na nani. Agostino akaliacha. Alipokuwa Mkristo alisema uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu wa wema mahali ambapo wema ulipaswa kuwepo. Chukua shimo la barabarani. Hakuna kiwanda kinachotengeneza mashimo. Shimo ni mahali ambapo lami imekosekana. Kwa hiyo Mungu hakuumba uovu. Viumbe wenye hiari ndio walioipa kisogo njia njema, na shimo likatokea.

Mimi naona jibu hili lina akili nyingi na faraja kidogo. Muulize dereva wa bajaji aliyevunja shokapu kama shimo ni kitu au si kitu.

Mwaka 1710 Mjerumani Leibniz akaupa mjadala huu jina, teodisia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: theos, Mungu, na dike, haki. Yaani haki ya Mungu. Kiapo kilekile anachokula muuza mitumba wa Karume akikuhakikishia shati halina doa. Hoja ya Leibniz ilikuwa kwamba, katika dunia zote ambazo Mungu angeweza kuumba, hii ndiyo bora. Ukitoa kibaya hiki, kuna jema kubwa zaidi litakalotoka nacho.

Miaka 45 baadaye, tarehe 1 Novemba 1755, ardhi ikatikisika Lisbon, Ureno. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wako misani, mishumaa imewashwa. Makanisa yakawaangukia waumini. Waliokimbilia ufukweni wakakutwa na mawimbi makubwa ya bahari, na mjini moto ukawaka kwa siku kadhaa. Waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu. Ulaya nzima ikaanza kuuliza swali la jamaa wa bodaboda.

Majibu mawili yaliyotolewa palepale Lisbon yananivutia kuliko vitabu vyote vilivyofuata. Padri Malagrida alihubiri kuwa hii ni adhabu ya dhambi za mji, na watu watubu badala ya kuhangaika kujenga vibanda. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alijulikana kama Marquis wa Pombal, yeye alituma maswali kwenye parokia zote za nchi. Tetemeko lilidumu muda gani? Maji ya visima yalipanda au yalishuka? Bahari ilirudi nyuma kwanza? Nyumba ngapi zimeanguka? Wataalamu wa matetemeko huyataja maswali yale kama moja ya vyanzo vya taaluma yao. Yaliandikwa kwa mapadri, na mapadri ndio waliojibu.

Wanafalsafa wameendelea kukatana maneno hadi leo. Mwaka 1955 J. L. Mackie wa Australia alisema imani katika Mungu mwenyezi na mwema inajipinga yenyewe kwa kuwa uovu upo. Mwaka 1974 Mmarekani Alvin Plantinga akamjibu kuwa haijipingi: huenda hata Mungu hawezi kuumba watu huru kwelikweli na wakati huohuo akahakikisha hawakosei kamwe. Wengi wanakubali kuwa kwa mantiki tupu Plantinga alishinda. Lakini hiari ya binadamu inaeleza breki zisizokaguliwa na nondo zilizopunguzwa. Mtoto anayezaliwa na selimundu haielezi kirahisi.

Sasa turudi kwenye majengo, maana Biblia yenyewe inayo.

Katika Luka 13 watu wanampelekea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye anaongezea habari ya pili: mnara wa Siloamu, Yerusalemu, ulioanguka ukaua watu 18. Tazama alivyoziweka pamoja, moja ni mauaji ya mtawala, nyingine ni ajali. Kisha anauliza kama mnadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa mji, na anajibu mwenyewe: sivyo. Hapohapo anawageukia walioleta habari na kuwaambia wasipotubu nao wataangamia. Hasemi mnara ulianguka kwa nini. Anachokataa ni kulipima kosa la marehemu kwa uzito wa kilichomwangukia.

Jengo la pili ni nyumba ya mwana wa kwanza wa Ayubu. Watoto kumi, wavulana saba na wasichana watatu, wako mezani, upepo mkubwa unatoka jangwani, unapiga pembe nne za nyumba, inawaangukia. Hapo ndipo Ayubu anasema yale maneno tunayoyasoma makaburini: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Na sisi huwa tunafunga kitabu hapo, sura ya kwanza. Kitabu kina sura 42. Kufikia ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, na tangu hapo anadai kesi yake isikilizwe.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri. Walipomwona walilia, wakakaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hayo ndiyo matanga. Mambo yaliharibika walipofungua midomo. Bildadi alimwambia mfiwa, macho makavu, kwamba wanawe walitenda dhambi wakapata malipo yake. Wazee hawa wanaishi Dar mpaka leo: ni yule anayekuuliza kwenye simu ya pole kama mlikuwa mnatoa zaka, na yule anayekutajia laana ya ukoo kabla hujamaliza kulia.

Mwishoni Mungu anasema kutoka kwenye upepo wa kisulisuli, na hajibu swali. Anauliza ya kwake: "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Wasomaji wengi wanaudhika hapo, na sidhani wanakosea. Ila soma hadi 42:7. Mungu anamwambia Elifazi kuwa amewakasirikia yeye na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Waliotetea haki ya Mungu ndio wamekemewa. Aliyepiga kelele na kudai ndiye kasema sawa.

Ndiyo maana mhubiri mmoja akitaka kukuambia kuwa kuuliza ni kukosa imani, Biblia haimsaidii sana. Habakuki anaanza kitabu chake kwa kumlalamikia Mungu alie hata lini bila kusikilizwa. Na Ijumaa Kuu yenyewe, kwa mujibu wa Marko 15:34, Yesu analia kutoka msalabani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hilo "mbona" ni swali, na katika Marko halijibiwi. Jibu la Wakristo, kama ni jibu, ni kwamba Mungu hakubaki nje ya kifusi akitoa maelezo. Alikuwa chini yake. Kuna wanaoliona hilo linatosha, na kuna wanaoona linakwepa swali la breki.

Kule Tabata, siku ya kuanua matanga, mchungaji alisoma mwisho wa Ayubu. Kondoo 14,000, ngamia 6,000, kila kitu mara mbili ya mwanzo. Kisha watoto: wavulana saba, wasichana watatu, idadi ileile. Mama wa marehemu alikuwa amekaa mkekani, kanga kaivuta hadi kwenye nyusi. Akainua kichwa.

"Na wale kumi wa kwanza, baba mchungaji?"

Mchungaji alitazama kitabu kwa muda. Akakifunga, akavua viatu, akaketi mkekani karibu naye. Hakusema kitu. Watu wa jikoni wakaanza kugawa chai.