Python mpya haidai kufutwa kwa ya zamani

Wapo wanaoamini kwamba ukitaka toleo jipya la Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye mfumo endeshi wa Linux, lazima kwanza uondoe lililopo, la sivyo yatagongana. Si kweli, na kuifuata imani hiyo kunaweza kukuharibia mfumo mzima.

Kila toleo lina faili lake la kuendeshea: python3.10 na python3.12 hukaa pamoja bila ugomvi, kila moja na folda yake ya maktaba. Jina fupi, python3, mara nyingi ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye mojawapo. Unapoliandika, sheli, yaani programu inayopokea amri zako, hupekua folda zilizotajwa katika PATH, orodha ya mahali pa kutafutia programu, moja baada ya nyingine, na kuendesha faili la kwanza lenye jina hilo. Kwa kawaida /usr/local/bin hutangulia /usr/bin. Ndiyo maana toleo ulilojijengea mwenyewe huonekana limechukua nafasi ya lile la mfumo, ilhali la mfumo lipo palepale. Andika `type -a python3` uyaone yote.

Hilo la mfumo liache. Ubuntu na Fedora zina zana zao zinazolitegemea; ukilazimisha kulifuta, nazo huondoka, pengine hadi eneo-kazi lenyewe, yaani madirisha na menyu unazozitumia. Hata kukigeuza kiungo cha /usr/bin/python3 ni kujitafutia balaa.

Ukijenga Python kutoka msimbo wake, tumia `make altinstall`, si `make install`: ile ya kwanza haigusi jina python3. Kisha, ndani ya kila mradi, andika `python3.12 -m venv mazingira`, amri inayounda folda ya mazingira ya Python ya mradi huo peke yake. Ukishayawasha mazingira hayo, python3 huwa ni ya mradi huo.